Stadi za Gurudumu: Je, Tuzing'oe Tuweke Bolti?



Kikundi kimoja cha wauza maziwa kimetuletea swali ambalo tumeona ni la wengi. Wana pikapu aina ya Toyota Hilux waliyonunua kwa michango, ikiwa imetumika tayari. Asubuhi inabeba mitungi ya maziwa. Siku ya soko inabeba magunia, na mara nyingine wanakikundi wawili watatu wakiwa wamekaa juu ya hayo magunia, jambo ambalo hatulisifu. Gurudumu la nyuma upande wa kushoto lina stadi sita. Mbili zimekatika, na ya tatu nyuzi zake zimelika. Fundi aliyeitwa kuitazama aliwaambia hivi: "Hizi stadi zitawasumbua kila siku. Tuzing'oe zote, niwawekee bolti kama zile za Mercedes. Bolti ikiharibika mnanunua nyingine kwa duka la vyuma, mnaingiza, mnaendelea na safari."

Kamati imegawanyika. Mweka hazina anaona ni nafuu. Dereva hataki kusikia. Katibu anauliza ni nani aliye na haki, na pia anauliza kama wanaweza kuendelea na stadi tatu nzima hadi malipo ya mwisho wa mwezi yaingie.

Tunajibu waziwazi kwamba dereva ana haki. Lakini si vizuri kumwambia fundi "hapana" bila sababu, maana yeye pia ni jirani yenu na kesho mtamhitaji. Basi tueleze mambo haya pole pole, hata yule ambaye hajawahi kushika spana aelewe.

Stadi ni nini, bolti ni nini

Stadi ni ile fimbo fupi ya chuma yenye nyuzi ambayo imechomoza kwenye habu ya gari. Unatundika gurudumu juu yake, halafu unafunga nati kwa nje. Ukitoa gurudumu, stadi zinabaki pale pale. Toyota, Nissan, Isuzu, Mitsubishi, Mazda na Land Rover hutumia njia hii.

Bolti ya gurudumu ni kitu kimoja, yaani kichwa na nyuzi pamoja. Habu yenyewe ina matundu yaliyokatwa nyuzi ndani. Unashikilia gurudumu mahali pake, unaingiza bolti kutoka nje, inapita kwenye rimu na kujifunga ndani ya habu. Ukitoa gurudumu unabaki na bolti mkononi na matundu matupu. Volkswagen, Mercedes-Benz na BMW zimetengenezwa hivyo.

Njia zote mbili ni nzuri, kila moja kwenye gari lililoundwa kwa ajili yake. Hakuna aliye na haki ya kusema moja ni ya kizamani. Huko Ulaya wako wenye magari ya mashindano ambao hutoa bolti na kuweka stadi, kwa sababu stadi hurahisisha kubadilisha gurudumu upesi. Na kweli, yeyote aliyepata pancha usiku kwenye matope anajua hivyo. Stadi zinakushikilia gurudumu huku ukitafuta nati kwenye nyasi. Kwa bolti, unabeba gurudumu kwa goti na mikono huku ukitafuta tundu la habu na tundu la rimu yakutane. Kwa hivyo ile hoja kwamba bolti zitapunguza usumbufu si kweli hata kidogo.

Tundu la habu halina nyuzi

Hapa ndipo penye shida kubwa. Angalieni stadi iliyotolewa. Upande mmoja ina kichwa bapa, na chini ya kichwa kuna meno madogo madogo kuzunguka. Stadi huingizwa kutoka nyuma ya habu, na yale meno huuma chuma ili isizunguke wakati wa kufunga nati. Inapachikwa kwa nguvu tu. Tundu lenyewe ni laini ndani, halina nyuzi yoyote.

Tena tundu hilo ni kubwa kuliko nyuzi za stadi. Kwenye Toyota nyingi stadi ina unene wa milimita 12 penye nyuzi, lakini pale penye meno, na kwenye tundu la habu, ni kidogo zaidi ya milimita 14. Sasa chukua bolti ya milimita 12 uiingize kwenye tundu hilo kutoka nje. Itapita na kucheza ndani kama kijiko ndani ya kikombe. Hakuna inachoshika.

Kwa hivyo fundi anayesema ataweka bolti lazima afanye mojawapo ya mambo mawili. Akate nyuzi ndani ya habu, au achomelee nati nyuma ya habu ili bolti ijifunge humo.

Akikata nyuzi, tundu la zaidi ya milimita 14 litahitaji bolti nene ya milimita 16. Bolti hiyo haitapita sawa kwenye rimu ambayo matundu yake yalitengenezwa kwa nati za milimita 12, kwa hivyo rimu nayo itatobolewa. Halafu pima unene wa habu pale penye matundu. Kanuni wanayoifuata mafundi wa vyuma ni kwamba bolti ya chuma iingie ndani ya nyuzi angalau kiasi cha unene wake. Bolti ya 12 iingie milimita 12, na ya 16 iingie milimita 16. Habu iliyoundwa kwa ajili ya stadi kwa kawaida ni nyembamba kuliko hivyo, kwa sababu haikutarajiwa kubeba nyuzi. Nyuzi chache zikibeba mzigo wote, zitachubuka kama mahindi yanavyopukuchuliwa.

Akichomelea nati kwa nyuma, hilo ni baya zaidi. Moto wa kuchomelea hulegeza chuma kilichokuwa kimefanywa kigumu kiwandani. Kwenye magari mengi beringi, grisi na sili za mafuta ziko karibu hapo na haziupendi moto huo. Na kule nyuma kuna viatu vya breki. Nati iliyochomelewa, au ncha ya bolti iliyozidi urefu, ikigusa sehemu za breki, mtasikia kelele kwa siku chache na baadaye breki itaharibika.

Kinachobeba gurudumu

Wengi wetu tunadhani stadi hubeba gari kama msumari unavyobeba koti ukutani. Si hivyo. Jaribuni hivi: panga matofali matano kwa mstari, yabane kwa mikono miwili kutoka pande zote mbili, uyainue. Yanainuka yote, na hakuna kamba wala kitako chini. Kinachoyashikilia ni kubanwa. Legeza mikono kidogo tu na yale ya katikati yanaanguka.

Gurudumu linashikwa hivyo hivyo. Nati ikikazwa, stadi huvutika kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na kwa kuvutika huko inabana rimu kwenye habu. Stadi ya milimita 12 iliyokazwa sawasawa hubana kwa nguvu ya kama tani 4. Sita zikibana pamoja, rimu haiwezi hata kuteleza. Lakini nati zikilegea, rimu huanza kucheza, na sasa stadi zinagongwa kutoka pembeni kila gurudumu linapozunguka. Zinapinda huku na huku maelfu ya mara kama waya unaotaka kuukata kwa mikono. Ndipo zinakatika. Ni mara chache stadi hukatika kwa sababu ya mzigo peke yake. Karibu kila mara ilianza kwa nati iliyolegea, au iliyokazwa kupita kiasi hadi stadi ikavutika na kuchoka.

Hesabu hii inatuonyesha pia ubaya wa bolti za duka la vyuma. Bolti za chuma huandikwa namba kichwani. Ile ya 4.6, ambayo ni ya milango ya geti na mabati, ikiwa na unene wa milimita 12, huanza kuvutika isirudi tena ikifika kama tani 2. Sisi tunataka ibane tani 4! Itakuwa imeharibika kabla gari halijatoka gereji. Kazi ya gurudumu inataka chuma cha aina ya 10.9 au kinacholingana nacho, na bolti isiyo na alama yoyote msiiguse kabisa. Hata ile ya 10.9 si lazima ifae, kwa sababu kichwa chake cha pembe sita ni bapa chini, hali rimu inataka kitu kingine. Tutakuja hapo.

Dawa ni stadi mpya

Ng'oeni stadi za gurudumu hilo, zote sita, mweke mpya za aina ile ile. Kwa nini sita hali zilizoharibika ni tatu? Kwa sababu tatu zilizobaki zilikuwa zikibeba kazi ya wenzao kwenye gurudumu linalocheza, na zimechoka ingawa kwa macho ni nzima. Ukibadilisha tatu tu, hizi nyingine zitakatika mwezi ujao na mtamlaumu fundi bure.

Chukueni stadi kuukuu moja mwende nayo dukani. Msimwambie muuzaji "nipe za Hilux" peke yake. Linganisha unene, urefu, upana wa yale meno, na nyuzi. Kuhusu nyuzi kuna mtego ambao umewapata wengi. Stadi za Toyota na za magari madogo mengi ya Nissan zote zina unene wa milimita 12, na ukizishika mkononi ni kama mapacha. Lakini nati ya Toyota ikizunguka mara moja husogea milimita 1.5, na ya Nissan husogea milimita 1.25. Ukifunga nati ya moja kwenye stadi ya nyingine, itaingia mizunguko miwili mitatu kisha iwe ngumu. Kijana mwenye nguvu ataongeza nguvu, na hapo nyuzi zote mbili zimekwisha. Pengine hata ile stadi yenu ya tatu ililika kwa njia hii. Kanuni ni rahisi: nati nzuri huenda kwa vidole vitupu mpaka iguse rimu. Ikikataa kwa vidole, itoe, angalia kama ni uchafu, na kama si uchafu basi si yake.

Kazi ya kubadilisha si ya ajabu. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, inua kwa jeki, halafu weka stendi au gogo imara chini ya ekseli. Msiamini jeki peke yake mtu akiwa karibu na habu. Toa gurudumu, legeza breki ya mkono, toa drami. Stadi kuukuu inasukumwa kurudi nyuma. Ni afadhali fundi atumie klampu yenye parafujo au presi. Akitumia nyundo, aweke kwanza nati kuukuu kwenye ncha ya stadi na kupiga hapo taratibu. Asiigonge habu yenyewe, maana mshindo huo huenda kwenye beringi. Kwenye magari mengine hakuna nafasi kwa nyuma, na habu au ekseli lazima itoke. Hiyo ni kazi ya gereji.

Stadi mpya inaingizwa kutoka nyuma, meno yake yakae vizuri, kisha inavutwa kwa mbele. Panga washa kadhaa nene juu yake, weka nati kuukuu ikiwa imegeuzwa upande bapa uguse washa, na ukaze polepole hadi kichwa cha stadi kilale kabisa nyuma ya habu. Watu hukosea kwa kuacha kabla haijafika. Gari likitembea, stadi humalizia kuvutika yenyewe, na nati inabaki imelegea bila mtu kujua. Kwa hivyo fundi amulike kwa tochi nyuma na aone kichwa kimelala.

Nati na rimu zioane

Rimu nyingi za chuma zina matundu yaliyochongwa mteremko kama faneli, na nati zake zina mdomo wa namna hiyo hiyo. Nati ikikaza, inajielekeza katikati. Rimu za aloi zilizotoka na Toyota, nyingi zao zinatumia nati ndefu yenye washa bapa. Bolti za Volkswagen na Mercedes mara nyingi ni za mviringo kama nusu ya mpira. Ukichanganya hizi, nati inagusa mahali padogo tu. Unakaza mpaka jasho, kumbe imeshika ukingo. Baada ya kilomita chache ukingo unaliwa na nati inalegea. Kama gari lenu lina rimu nne za chuma na ile ya akiba ni ya aloi, nati za akiba zifungwe kwenye mfuko wao na kuandikwa.

Kukaza ni kwa kiasi

Kwa Hilux na pikapu za ukubwa huo, kiasi kinachofaa ni karibu Nyutoni-mita 110, na kitabu cha gari kina namba kamili. Gereji kubwa zina spana inayopima. Sisi vijijini tufanyeje? Chukua spana ya gurudumu yenye mkono wa nusu mita. Ukiisukuma kwenye ncha kwa uzito wa kama kilo 22, yaani ndoo ya maji ya lita 20 pamoja na chombo chake, umefika. Ni nguvu ya mtu mzima kwa mkono, bila kuruka.

Sasa fikiria wale vijana wetu wanaoweka bomba la mita moja kwenye spana na kusimama juu yake. Mwenye kilo 75 anatoa zaidi ya Nyutoni-mita 700. Hiyo ni mara sita na zaidi. Stadi huvutika papo hapo au hukatika, na kama haikukatika siku hiyo, itakatika siku nyingine mlimani. Na msipake oili wala grisi kwenye nyuzi kwa nia njema ya kuzuia kutu. Nyuzi zenye mafuta huteleza, na kwa nguvu ile ile ya mkono stadi huvutwa zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Ziswakiwe kwa brashi ya waya, zikauke, basi. Uso wa habu na wa rimu pia upigwe brashi, kwa sababu kutu na rangi nene katikati yake husagika baadaye na kuacha nafasi.

Kaza kwa kuvuka, nati moja halafu inayoitazama upande wa pili, si kwa kuzunguka kama saa. Raundi ya kwanza kidogo, shusha jeki, halafu malizia. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zirudiwe tena. Hili la kurudia ndilo husahauliwa kuliko yote, na hasa kwa stadi mpya ni la lazima.

Tunawashauri jambo moja lisilo na gharama. Mkimaliza kukaza, pakeni mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwa nati hadi kwenye rimu. Mama anayepakia maziwa saa kumi na moja asubuhi hahitaji spana. Atamulika tochi, na akiona mstari umevunjika anamwambia dereva. Ishara nyingine ni vijistari vya kutu vinavyotiririka kutoka kwenye nati kama machozi, na mlio wa tik tik gari likienda polepole. Kwenye kikundi kimoja tunachokijua kazi hiyo amepewa kijana wa kupakia, naye huweka alama kwenye daftari la mafuta. Ni njia nzuri.

Kuna neno pia kwa wenye lori. Baadhi ya malori ya Kijapani, hasa ya zamani, yana stadi za upande wa kushoto ambazo nyuzi zake hufunguka kinyume. Wengi wamekata stadi nzima wakidhani wanafungua kumbe wanakaza. Kabla ya kuongeza bomba kwenye spana, angalieni herufi L kwenye ncha ya stadi.

Kuhusu swali la mwisho

Kwanza, mkikubali habu ikatwe nyuzi au ichomelewe, gari halitakuwa tena kama lilivyotoka kiwandani. Mkaguzi anaweza kulikataa, na ikitokea ajali kampuni ya bima inaweza kuuliza maswali ambayo kikundi hakitakuwa na majibu yake. Habu yenyewe haitarudi kupokea stadi tena. Itabidi kununua nyingine, na hapo ile nafuu aliyoiona mweka hazina itakuwa imekwenda wapi? Stadi sita bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na habu au ekseli.

Pili, mnauliza kama mngoje hadi mwisho wa mwezi mkitembea na stadi tatu. Msitembee nazo. Gurudumu la pikapu iliyojaa likitoka kwenye mteremko haliangalii kama anayepita ni mtoto wa shule au ng'ombe, na gari lenyewe hulala chini upande huo likiwa halina breki ya kutegemewa. Chukueni pesa za stadi kwenye mfuko wa dharura, na kamati iandike kwenye kumbukumbu. Fundi yule yule apewe kazi, kama atakubali kuweka stadi na kuonyesha vichwa vimelala. Katibu amsomee barua hii akiwepo. Mpaka stadi zifike, maziwa yaende kwa punda au bodaboda, na pikapu ikae juu ya gogo.